Siku Niliyofuata Karatasi ya Talaka Yangu

Msinicheke, au nichekeni kidogo tu. Miaka michache baada ya Mapinduzi nilikwenda mahakama ya kadhi, mjini, kufuata karatasi ya talaka yangu. Mchumba wangu, Makame, alikuwa tayari kunioa, lakini baba yake, ambaye sikuwahi kumwona, alikataa mpaka athibitishe kuwa nimeachika kweli.

Barazani nilimkuta mzee wa miwani amekaa penye meza. Nikajua ndiye karani.

"Shikamoo. Nnataka nakala ya talaka yangu."

"Marahaba. Nani alikuacha?"

"Hakuniacha, nilimshitaki mwenyewe! Alikuwa akinipiga. Nikasimama mbele ya kadhi, nikasema mpaka nikapata haki yangu, na wala sioni haya."

"Na karatasi ya nini sasa?"

"Ya kumnyamazisha mkwe. Mzee wa Bwejuu, mgumu kama jiwe, hamuamini hata mwanawe. Bahati yangu Makame hakumfuata baba!"

Waliokaa kwenye benchi wakaangua kicheko. Mzee akavua miwani, akaifuta taratibu.

Mara mlango ukafunguliwa, akatoka karani mwenyewe na karatasi mkononi, akamgeukia yule mzee wa miwani.

"Mzee Haji, talaka ya Mwanakhamis binti Ali uliyoiulizia nshaipata. Mwanamke ameachika kihalali."

Nilitamani buibui langu linimeze. Lakini kichwa sikukiinamisha.

"Mwanakhamis ndiye mimi, baba," nikamwambia.

"Nshajua," akajibu, huku akivaa miwani yake. "Tangu uliponiita jiwe."