Gari la Kwanza Kivukoni

Kila siku ya mwisho ya likizo yao kisiwani Grand Manan, Lorna alimwomba mumewe watembee njia ya majabali hadi mnara wa taa. Delwyn alikataa kila mwaka. Lazima gari lake litangulie kwenye foleni ya kivuko, naye alilinda nafasi hiyo tangu alfajiri.

Mwaka huu akasema, "Bi mkubwa, vaa viatu twende."

Lorna akacheka, akisugua goti lake bovu. "Umechelewa, mzee. Nenda mwenyewe. Leo mlinzi wa foleni ni mimi."

Akaenda. Baharini, chini ya mnara, nyangumi aliibuka, akapumua kwa kishindo. Delwyn akageuka upesi amwonyeshe mkewe, akakuta nyasi tu.

Kivukoni gari lao liliwatangulia wote. Delwyn hakuona la kujivunia.