Uso wa Kuazima

Ipo siku moja ambayo haijanitoka hata leo, mwanangu Neema: siku niliyomchora baba yangu akatokea Mzungu. Usicheke kwanza. Au cheka tu, hata mimi nacheka ninapoandika, ingawa siku ile nililia mpaka macho yakavimba. Nakuandikia kwa sababu ya lile uliloniomba Jumamosi, mtandao ukakatika kabla sijakujibu. Nanyi wengine wa darasa letu la mtandaoni la rangi za maji, mlioko Puge, Kaliua na kwingineko, mkisomewa haya msikilize. Leo kwa Neema, kesho kwenu.

Jumamosi tuliomba kama kawaida. Nikaiegemeza simu kwenye jagi langu hapa Tabora, nikawaambia kila mmoja amchore mtu ambaye kwa ajili yake anamshukuru Mungu zaidi. Wenzako wakainamisha vichwa, mmoja akamwaga maji kama ilivyo desturi yake. Wewe huko Bukene ukakaa tu. Nilipokuita ukasema, "Bibi Mwalimu, nilitaka kumchora mama, lakini uso wake umenipotea."

Nilijua habari zako, bibi yako aliyekulea alishanieleza. Mama yako alifariki ukiwa bado unabebwa mgongoni, na picha zake zote zilikuwa kwenye simu ambayo mjomba wako aliibiwa stendi. Lakini sikujua kwamba mwenyewe umekuwa ukimtafuta. Kisha ukasema neno lililonichoma: "Naomba unitafutie uso wowote mzuri mtandaoni, nichore huo, niseme ndiye mama. La sivyo mimi naacha kuchora."

Nikafungua mdomo, na mtandao ukaondoka. Pengine ni Mungu, maana jibu nililokuwa nalo lilikuwa la haraka, na haraka haraka haina baraka. Hata rangi zetu hizi, ukipaka ya pili kabla ya kwanza kukauka, unapata tope.

Basi sikiliza. Baba yangu alikuwa mrina asali. Tulikaa nje kidogo ya Kaliua, naye alikuwa akiingia porini kwa baiskeli kuangalia mizinga yake, akifuata ile njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji. Kama haendi mbali alinipakia nyuma kwenye keria. Msimu mmoja alikwenda bila mimi, akaumwa na nyoka, wenzake wakamzika huko huko. Hakuwahi kupigwa picha. Porini nani angempiga? Nikakua bila uso wa baba. Kila nilipoukaribia uliteleza, na nikaona haya kumwambia mama, kwa sababu nilidhani mtoto anayesahau uso wa baba yake hakumpenda.

Parokiani kwetu kulikuwa na katekista mzee tuliyemwita Mwalimu Simoni. Alijifunza rangi za maji kwa padri mmoja aliyepita pale, naye baada ya mafundisho ya Kipaimara alitukalisha barazani akatufundisha na sisi. Boksi la rangi lilikuwa moja, brashi zimebaki nywele za kuhesabika, na tulizigombania kama kuku wanaogombania mtama. Yeye ndiye aliyetupa zoezi lile lile nililowapa ninyi. Wenzangu wakachora mama, babu, shangazi. Mimi nikataka kumchora baba, nikakwama pale pale ulipokwama wewe.

Unajua nilifanya nini? Niliingia kanisani, nikasimama mbele ya picha ya Mtakatifu Yosefu iliyokuwa ukutani, nikaona: huyu ni baba, tena baba mwema, anatosha. Nikamchora yeye. Nikampaka rangi ya udongo afanane na sisi, lakini pua ilibaki ndefu na ndevu zikafika kifuani. Alikuwa Mzungu aliyeungua jua. Kwa macho yangu mimi alikuwa mzuri mno, nikakimbia naye mpaka nyumbani.

Mama alikuwa anamenya karanga. Akapangusa mikono, akaipokea karatasi. "Nani huyu?"

"Ni baba."

Akaitazama kwa muda mrefu. Niliona macho yake yanatafuta kitu juu ya ile karatasi, yanashuka, yanapanda tena, hayakioni. Mwishoni akanirudishia taratibu, akasema, "Mwanangu, huyu akija hapa nitamtolea kiti nje, akae kama mgeni." Alitaka tucheke, lakini akashika ncha ya kanga akafuta macho. Ningeipata fimbo siku ile ningeshukuru, kuliko kumwona mama akimtafuta mumewe kwenye mchoro wangu asimpate.

Nikarudi kwa Mwalimu Simoni nikamwonyesha mchoro, nikamweleza alivyosema mama, nikamwambia brashi yake hii hapa, sitaki tena. Hakunibembeleza. Alikuwa mzee mkali, na nikikukaripia kwa kuchovya brashi mpaka shingoni ujue nimerithi kwake.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako," akasema. "Umemvua baba yako, ukamvika mgeni. Halafu unamkasirikia mama yako kwa sababu hakumjua?"

"Lakini mwalimu, simkumbuki!"

"Uongo, Agnes. Hukumbuki uso. Mlikuwa mkisafiri vipi, wewe na yeye?"

"Kwa baiskeli."

"Ulikaa wapi?"

"Nyuma."

"Sasa mtoto aliyekaa nyuma anaona uso?"

Akavuta kigoda, sauti ikapungua. "Babu zetu walikuwa wapagazi," akasema. "Walitoka huku wamejitwika mizigo mpaka pwani, miezi na miezi, njia nyembamba, mmoja nyuma ya mwingine. Mtu alikuwa anamtazama nini mwenzake? Mgongo. Aliujua mgongo ule kuliko anavyoujua mkono wake, na siku asipouona mbele alilia. Na Musa je? Aliomba aone utukufu wa Mungu, akaonyeshwa nini?"

"Mgongo," nikajibu, maana tulikwisha kufundishwa.

"Akasusa?"

"Hapana, mwalimu."

"Basi na wewe usisuse. Lowesha karatasi yako."

Neema, nilipoinama tu, kikaja. Kilikuja kwanza kile kitambaa cha shati, maana shavu langu lilikuwa likikilalia njia nzima. Nililowesha karatasi, nikadondosha kijivu kidogo katikati ya mabega, nacho kikatambaa chenyewe kama jasho linavyotambaa. Kisha shingo, yenye makovu madogo ya nyuki. Bega moja limeshuka kuliko lingine. Sikio la kushoto lililojitokeza kidogo, ambalo nilikuwa nikilivuta ili asimame nichume matunda ya furu, naye akijifanya hasikii. Nilikuwa nalo siku zote lile sikio! Nililidharau kwa sababu nilikuwa natafuta kikubwa.

Nilimpelekea mama bila kusema neno. Safari hii hakuuliza ni nani. Aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, akasema kwa sauti niliyokuwa nimeisahau, ile aliyokuwa akiitumia mlangoni tulipoanza safari: "Baba Agnes, polepole na huyo mtoto."

Tukakaa pale chini, karanga zimetapakaa, tukalia wote wawili mpaka tukashiba. Toka siku hiyo tukaanza kumzungumzia. Kabla ya hapo, kila mmoja alikuwa akimficha mwenzake kwamba anamkumbuka.

Kuishi kwingi ni kuona mengi, na mimi nimeishi. Nimestaafu ualimu, nimejifunza haya mambo ya mtandao uzeeni, wajukuu wangu wakinicheka ninavyoishika simu kwa mikono miwili. Bado namkosa baba. Sitakudanganya kwamba uzee unaondoa hamu hiyo. Nikiona mzee anapita na baiskeli barabarani huwa namsindikiza kwa macho mpaka anapokata kona, na moyo wangu unakwenda naye.

Sasa nakwambia, mwanangu, na hii ndiyo nasaha yangu. Usiache mbachao kwa msala upitao. Mtandaoni kuna nyuso nzuri kupindukia, nami ningeweza kukutumia hata kumi leo hii, lakini hakuna hata mmoja wa wenye nyuso hizo aliyekubeba. Kidogo ulicho nacho cha mama yako, kiwe harufu, kiwe rangi ya kanga, kiwe sauti tu, hicho ni chake kweli. Kichore hicho. Mimi sitakutajia ni kipi, maana nikikutajia nitakuwa nami nimekuazima mama wa mwingine. Kaa na bibi yako mmenye karanga, umuulize. Kuuliza si ujinga. Yeye alimzaa huyo unayemtafuta, na pengine anasubiri mtu wa kumtajia jina lake.

Wala usione haya kwamba uso umepotea. Kusahau uso si kukosa upendo. Mtoto mgongoni haonyeshwi uso, anaonyeshwa njia. Tena usiseme umepotea kabisa. Umepotea kwako. Aliyeuumba uso ule hajausahau, na ndiyo maana tunaomba kabla ya kuchora, tukijua kuna Mmoja anayeikumbuka kazi yote ya mikono yake.

Ukikasirika na kutaka kuacha, acha siku moja, urudi kesho yake. Rangi zitakusubiri, nami pia, bundle ikiniruhusu.

Mungu wa babu zetu waliotembea njia hii wamejitwika, akutangulie, Neema. Akupe mkono mwepesi na moyo usioharakisha. Amtulize bibi yako, ayafute machozi yake na yako. Awatunze mama yako na baba yangu hapo walipo. Mimi nimekwisha kuikaribia safari yangu, mwanangu, na siiogopi, maana kwa miaka yote hii nimeutazama ule mgongo wa baba, na naamini nikifika atageuka. Nawe, baada ya maisha marefu yenye heri, Mungu akujalie hivyo hivyo. Amina.