Suti ya Baba na Kamba Mbichi za Mgomba

Enzi zetu, sisi tuliokuwa watoto vita vilipokuwa vinaisha, suti zilijulikana moja moja kama ng'ombe wa jirani. Pale kwetu Rugera zilikuwa tatu. Nyeusi ilikuwa ya mwalimu, imeng'aa magotini kwa ajili ya sala. Kijivu ilikuwa ya karani wa kahawa. Ya tatu, yenye rangi ya udongo wa kichuguu, ilikuwa ya mwanamume aliyerudi kutoka vitani na ambaye hakumwambia mtu aliipata wapi. Jumapili tulijipanga kando ya njia ya kanisani, tukisema "shikamoo" huku macho yetu yakiwa chini, kwenye suruali. Tulitafuta ule mkunjo wa mbele. Kama ulikuwa umenyooka kuanzia kiunoni hadi kwenye kiatu, tulinong'onezana, "Leo amepata pasi."

Pasi ya mkaa ilikuwa moja kijiji kizima, ikizunguka nyumba hadi nyumba. Asiyeipata aliinyunyizia suruali maji, akaitandaza chini ya mkeka na kuilalia bila kugeuka. Mpaka leo nikisikia harufu ya sufu yenye unyevu ikiguswa na moto nasikia na harufu ya ndizi za Mama zikiiva ndani ya majani, kwa sababu kwetu mambo hayo mawili yalifanyika kwenye jiko moja. Na msimu wa senene, mwalimu alipotoka kwenye ibada ya jioni na suti yake nyeusi, senene walimrukia mgongoni wakidhani ni kichaka. Alisimama kimya, mikono kando, tukawachuma mmoja mmoja bila kuvuta uzi hata mmoja. "Polepole," alikuwa akisema, "mnaweza kula senene, lakini suti yangu msinilie."

Sisi wenyewe tulijishonea suti za majani makavu ya mgomba. Tai ilikuwa kamba, na vifungo vilikuwa buni za kahawa. Nilikuwa navunja mchezo kwa sababu ilikuwa lazima vifungo vyangu vilingane. Wenzangu walikuwa wameshaoa, wamebatiza na kuzikana, mimi bado natafuta buni ya nne inayofanana na tatu za kwanza.

Ndiyo maana nina hasira. Jumapili iliyopita nilimwona kijana kanisani amevaa suti ya dukani, mikono imemeza vidole, suruali inafagia sakafu, na kile kitambaa kidogo chenye jina la kiwanda bado kimeshonwa juu ya mkono wa koti. Nilimvuta kando.

"Mdogo wangu, hiki hukitoi?"

"Nikitoe, kaka? Watu watajuaje kwamba ni mpya?"

Nina miaka ishirini na mitatu tu. Najua wazee wakinisikia nasema "enzi zetu" watacheka mpaka wamwage pombe yao ya rubisi. Lakini mimi ni mshonaji, na sikufundishwa na mtu. Tundu la kifungo likikaa upande, chakula hakipiti kooni. Mke wangu huniambia, "Lifumue basi, ule." Watu hunisifu kwamba napenda kazi. Si mapenzi, ni hofu, na leo naeleza ilikotoka.

Nilikuwa na miaka tisa Baba alipoamua kushonesha suti. Haikuwa ya harusi wala ya kujionyesha. Tajiri mmoja wa upande wa Kiruruma alikuwa anadai kibanja chetu, na migomba yake na mibuni yake, akisema babu yangu aliwekwa pale kwa hisani tu, kwa hiyo sisi ni wapangaji wa kufukuzwa. Mwaka uliotangulia Baba alikwenda barazani kujitetea. Alivaa kanzu yake iliyotiwa kiraka begani. Walimwambia akae nje asubiri, akakaa juani siku mbili na kesi haikuitwa. Tajiri alifika na suti, akapewa kiti, na wakampa buni za kahawa atafune kabla hajatamka neno. Kesi ikaahirishwa kwa sababu, eti, mlalamikiwa hakuonekana! Mtu amekaa hatua kumi kutoka mlangoni, na hakuonekana.

Baba alirudi nyumbani akamwambia Mama, "Hawaoni mtu. Wanaona nguo. Basi nitawaletea nguo."

Kahawa yote ya msimu ule ikageuka kitambaa cha sufu, buluu iliyokoza, kizito kama blanketi. Fundi hodari alikuwa Bukoba, na Baba hakuweza kwenda, kwa sababu angetoka tu miti ya mpaka ingeng'olewa nyuma yake. Tukafanya kama wote walivyofanya. Futi hatukuwa nayo kijijini, hivyo mtu alipimwa kwa kamba za mgomba, kila kipimo na kamba yake. Yenye fundo moja ilikuwa mkono, mafundo mawili kifua, matatu mgongo, manne mguu. Zilifungwa fungu moja pamoja na kitambaa, zikakabidhiwa kwa Zakaria, mchuuzi wa Muleba aliyekuwa akipita kwetu kununua kahawa.

Kazi ya kutafuta kamba nilipewa mimi. Mama alisema wazi, tena mara mbili, "Chukua zilizokauka kwenye mgomba." Nilikwenda nikaziona zilizokauka: zina madoa, zimechanika kingo, nyingine zina kinyesi cha mjusi. Nikaona aibu suti ya Baba ianze na uchafu ule. Nikachana za kijani kutoka kwenye shina bichi, nyeupe kwa ndani, laini, zenye upana mmoja. Nilizifuta, nikazinyoosha, nikampima Baba mwenyewe huku amesimama uani kama askari. Alinisifu. "Huyu mtoto ana mkono," alisema.

Kila anayesoma haya na aliyekulia migombani ameshajua nilichofanya. Kamba mbichi ya mgomba hujikunja na kufupika inapokauka. Zakaria alikaa njiani majuma matatu akinunua kahawa, fungu limefungwa juu ya mzigo, jua linaliwakia. Fundi wa Bukoba alipolifungua, kamba zilikuwa zinampima mtu mwingine, mdogo kuliko Baba.

Suti ilirudi siku moja kabla ya baraza, asubuhi. Majirani walijaa uani. Baba aliingiza mkono wa kwanza, wa pili, akavuta, koti likakwama mabegani. Kifungo hakikufika kwenye tundu lake. Vifundo vya mikono vilikuwa nje, na suruali ilionyesha soksi, ambazo hakuwa nazo.

Jirani mmoja, bibi mwenye ulimi, akamwita Baba kwa heshima ya kwetu, "Ta Andrea, hiyo si ya mwanao?"

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alilishika koti kwa mikono miwili akasema, "Fundi ameiba kitambaa changu." Na kila mtu akakubali papo hapo, kwa kuwa mafundi walisemwa hivyo siku zote. Zakaria alijaribu. "Ta, yule si mtu wa hivyo, alipima kamba mbele yangu mara tatu, tena akajikuna kichwa akiniuliza kama wewe ni mgonjwa umekonda." Baba akamkata, "Kwa kamba zile nilipimwa na mwanangu. Zilikuwa sawa."

Nilikuwa nimesimama karibu na kinu. Mama aliniangalia. Nikakumbuka alivyoniagiza juu ya kamba, nikatazama miguu yangu.

Kesho yake Baba alikwenda barazani, na mimi nikamfuata kubeba kibuyu cha maji. Njiani alijaribu tena kulivaa koti, mshono ukalia kwapani, akalivua. Pale mlangoni alifanya kitu ambacho hakukipanga. Alilikunja koti katikati, bitana ikiwa nje, akalitundika kwenye mkono wa kushoto kama nilivyokuja kuwaona wakubwa wakifanya siku za joto. Akaingia na shati jeupe lililopigwa pasi na Mama. Mlinzi wa mlango alilitazama lile koti buluu akasogea.

"Karibu, Bwana Andrea. Kaa."

Kiti! Baba alipewa kiti. Akasimama kusema, na alisema maneno yale yale aliyokuwa nayo mwaka uliopita: nani alipanda mibuni ile, nani alizikwa chini ya migomba, miti ya mpaka ilipandwa na nani mbele ya nani. Hakuongeza hata moja. Mkuu wa baraza aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari mpya, akaita mashahidi, wakasikilizwa, na kabla jua halijageuka kibanja kikatajwa kuwa chetu. Watu walimpongeza Baba. Mimi nilitaka kupiga kelele. Mwaka mzima mama yangu alikuwa akilima shamba asilojua kama atalivuna, kwa sababu tu ya kiraka cha begani! Walilisikiliza koti ambalo hata kuvalika halivaliki. Hasira ile sijaiacha, ingawa kazi ninayofanya leo ni kuwashonea watu makoti ili wasikilizwe. Mnaweza kuniuliza kama nimewahi kulala vizuri na jambo hilo. Sijawahi.

Lakini Baba hakusahau wizi wake. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, aliwaeleza watu mlangoni pa kanisa jinsi alivyokatiwa nguo ya mtoto. Habari ilitembea Nyakahanga, Kiruruma, kote. Aliyekuwa na kitambaa akatafuta fundi mwingine. Zakaria akaacha kupeleka mafungu kwa yule wa Bukoba. Na mimi nilikuwepo kila mara hadithi ilipoelezwa, nikikaa kimya, nikizidi kuwa mtoto nadhifu.

Suti ikafungiwa sandukuni. Nilipofika miaka kumi na sita, nikiwa na sindano, wembe na hamu ya kujua koti hushonwaje, nililitoa bila ruhusa siku wazazi wako shambani. Nilitaka kulifumua nijifunze. Nilikata uzi wa bitana, nikafungua mshono wa ubavuni, na kitambaa kikaanza kutoka. Kilikuwa kimekunjwa ndani, vidole vinne upande huu, vidole vinne upande ule. Nikafungua mgongo, kikatoka. Nikafungua pindo la mkono, kikatoka. Suruali hivyo hivyo, chini na kiunoni. Nikakitandaza mkekani. Hakuna kipande kilichokosekana.

Fundi alikuwa ameona kamba, na alikuwa ameona kitambaa kilicholetwa ni cha mtu mpana. Akashuku. Hakuweza kukiuka kipimo cha mteja, kwa hiyo alifuata kamba na kuuficha mwili wa kweli wa Baba ndani ya mishono, ili siku yoyote mtu yeyote mwenye sindano aweze kuutoa. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja tu. Hakuna aliyefungua.

Baba alinikuta nimekaa katikati ya vipande vile. Nilidhani atachukua fimbo.

"Baba, fundi hakuiba."

Aliinama, akapitisha kidole kwenye mstari wa mkunjo wa zamani.

"Kamba ulikata zipi?"

"Mbichi, Baba."

"Kwa nini?"

"Zilikuwa safi."

Alirudia neno hilo taratibu, "Safi." Kisha akasema, "Shona. Na usiposhona vizuri nitakuua." Ndiyo shule yangu ya ushonaji, sina nyingine. Nilishona siku kumi na moja, nikifumua na kurudia. Koti lilipomkaa, mabega yakiwa mahali pa mabega, Baba alipanda lori la kahawa kwenda Bukoba akiwa amelivaa, katikati ya vumbi lile lote. Alikataa kulikunja.

Alirudi siku ya tano. Kwenye kibaraza cha fundi alimkuta mtu anauza chumvi. Fundi alikuwa amehama, wateja walikuwa wamepungua, na hakuna aliyejua alikoelekea. Baba aliuliza jina ili amtafute hata kwa barua. Muuza chumvi akamjibu, "Jina? Sisi tulimwita Fundi tu, mzee."

Baba alivua koti, akaketi jikoni, akamwambia Mama, "Nilitaka alione."

Siku hizi vijana huniletea suti zao za dukani. Ndizi na rubisi zimewanenepesha, wanasema, "Fundi, panua kidogo." Nafumua. Ndani nakuta upana wa ukucha, basi, na uzi unaokatika ukiutazama. Nawaonyesha, hawaoni tofauti. Wananikasirikia mimi, wananiambia sijui kazi, kwa nini yule wa dukani aliweza. Enzi zetu mtu wa mbali, aliyekuwa hajawahi kukuona, alishika kamba iliyokosewa na mtoto akajiuliza wewe ni mpana kiasi gani kweli, akakuwekea nafasi, na wewe ukamwita mwizi kanisani. Siku hizi hakuna anayejiuliza, na hakuna anayeitwa mwizi. Nawarudishia suti zao jinsi zilivyo, wanaondoka wameshikilia pumzi ili kifungo kisikatike.