Siku Mtani Wangu Alipokataa Kunitania

Iko siku moja ya kiangazi, Zuwena, ambayo nimeibeba zaidi ya miaka hamsini na bado haijapungua uzito. Nilikuwa nimekusudia kufa nayo kimya. Lakini jana mezani umenilazimisha niitoe.

Ulikuwa unasimulia huku unacheka. Mama yako anakupakulia wali, nawe unaeleza jinsi mfumo wenu wa kompyuta, ule wa kuweka kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati, ulivyokwama siku ya kwanza tu, manesi wakabaki wanatazamana na wagonjwa. Kijana wako mmoja, Yusto, alikuonya mara tatu kwamba haujawa tayari. Ukampuuza, kwa kuwa ulikwisha kuwaahidi wakubwa siku ya kuwakabidhi. Mambo yalipoharibika ukawaambia wakubwa hao kwamba sehemu iliyokwama aliiandika Yusto, na Jumatatu unampa barua ya kumwondoa kazini. "Ndiyo uongozi, Baba," ukaniambia. "Lazima mtu awajibike."

Nilinawa mikono nikaondoka. Mama yako alidhani ni tumbo. Haikuwa tumbo. Nilikasirika, mwanangu, na hivi tunavyozungumza nimekasirika bado, na kubwa zaidi ni kwamba maneno yako niliyatambua. Niliwahi kuyasema mimi, kwa sauti ile ile, tena nikiwa na umri mdogo kuliko wako.

Basi keti. Hiyo chai iache ipoe, na mimi leo sitaki kukatizwa.

Nchi ilikuwa changa, nami kijana. Wazungu wa upimaji walikuwa wamekwenda zao, na mimi, mtoto wa Kwihara, nikapewa kikosi cha watu watano, darubini ya miguu mitatu na Landrova iliyovuja mafuta. Kazi yetu ilikuwa kupima vijiji vya ujamaa. Watu walitakiwa wahamie pamoja wapate shule, zahanati na maji, na kabla hawajahama ilibidi sisi tupite kwanza kupiga vigingi: hapa nyumba, hapa barabara, hapa kisima. Ukiitazama sana utaona haitofautiani mno na kazi yako. Unakaa mahali na karatasi, unachora namna watu wengine watakavyoishi, na wao hawakuoni.

Nilikuwa na maringo, nakiri. Kaptula yangu ilipigwa pasi hata porini. Kalamu tatu mfukoni, na zote nataka zionekane.

Katika kikosi changu alikuwemo mtu mmoja Mzaramo, jina lake Mrisho. Alinizidi miaka kama kumi na mitano, na kazi ya kushika mnyororo wa kupimia aliianza nikiwa bado nachunga mbuzi wa babu yako. Ndiye aliyekuwa akiandika vipimo na hali ya ardhi kwenye daftari la kazi, maana alikuwa na mwandiko mzuri. Na kwa kuwa yeye Mzaramo na mimi Mnyamwezi, tulikuwa watani.

Ninyi wa siku hizi mnadhani utani ni vile vichekesho mnavyotumiana kwenye simu. Utani wetu umetoka mbali, tangu babu zetu wanabeba mizigo kutoka huku kwenda pwani, wakipita kwenye nchi za watu, wakilala kwao, wakizikana njiani. Mtani wako anaweza kukuvua kofia mbele ya wakwe zako, na ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Watu huona matusi tu. Lakini humo ndani ya matusi ndimo mtani anamoweka ukweli ambao ndugu yako anaona haya kukwambia, na mdogo wako kazini anaogopa kukwambia. Mkubwa anaonywa mbele ya watu, watu wanacheka, naye anajirekebisha bila kuaibika. Wazee wetu walikuwa na akili, mwanangu. Mimi ndiye niliyeikosa.

Tulipelekwa kupima kijiji kipya, mwendo wa nusu siku kutoka Puge. Ramani nilikwisha kuichora mwenyewe ofisini, mistari imenyooka kweli kweli. Mkuu wetu wa kazi alikuwa ameniita akaniuliza kama wiki mbili zinatosha, kwa sababu kulikuwa na mgeni mkubwa wa kuja kukizindua. Nikasema zinatosha. Hata sikukanyaga mahali penyewe kwanza! Nilitaka tu aendelee kunitazama vile alivyokuwa ananitazama.

Tulipofika, pale ramani iliposema nyumba ziwe, palikuwa tambarare, udongo mweusi, umepasuka kwa jua hata mguu unazama ndani ya ufa. Huku kwetu twaita mbuga. Kiangazi ni pakavu, ukipiga jembe linakurudia. Masika ni maji. Mrisho aliinama, akang'oa kisiki cha bua kikavu, akakinusa, kisha akapaza sauti ili kikosi kizima kisikie.

"Jamani, ninyi Wanyamwezi mmebebeshwa pembe za ndovu miaka mingi mpaka kichwa kimebaki cha kubebea tu! Mtani, hili ni jaruba la mpunga. Unawapimia watu nyumba ndani ya jaruba? Kijiji hiki balozi wake wa nyumba kumi atakuwa kambale!"

Wenzetu walicheka hadi wakaketi chini. Nami nilicheka, nikamrudishia, nikamwambia Mzaramo akiona maji hukumbuka nazi. Nikaendelea kupiga vigingi.

Siku ya pili akanionya tena kwa namna hiyo hiyo. Akaja na bibi mmoja wa pale, mwenye kitambaa cha kaniki, akasema, "Mtani, nimekuletea mwalimu, maana shule uliyosoma haikuwa na mvua." Yule bibi akapiga goti kidogo kwa heshima, mimi mtoto mdogo hata nikaona haya. "Mwangaluka, baba," akaniamkia. "Hapa ni pa mpunga. Watu hukaa kule juu, kwenye mchanga." Nikamjibu kwa upole kwamba wataalamu wameshapima. Wataalamu! Nilikuwa mimi.

Siku ya tatu Mrisho alivua viatu, akakunja suruali mpaka magotini, akawa anatembea kati ya vigingi vyangu akinyanyua miguu kama mtu anayevuka mto. "Ninajizoeza, mtani," anasema. "Masika nitakuja kukutembelea." Watu wakacheka tena, na safari hii nikasikia wananicheka mimi.

Nikalipuka. Nikamwambia mbele ya wote, "Kazini hakuna utani! Shika mnyororo, au shika njia ya kwenu."

Mrisho alivaa viatu vyake polepole, akafunga kamba, akaokota mnyororo. "Sawa, Bwana Mpimaji," akasema. Tangu siku hiyo hakunionya juu ya lolote. Aliandika kila nilichomsomea, kwa mwandiko ule ule mzuri, na mimi nikaona nimeshinda, kwa kuwa sasa nina kikosi chenye nidhamu.

Kazi ilikwisha kabla ya siku zake. Nikapongezwa. Watu wakahama, wakajenga, mgeni akaja, ngoma zikapigwa. Halafu ikaja masika.

Maji hayakuja kwa kishindo. Yalipanda tu kutoka chini, asubuhi watu wakakuta vitanda vinagusa maji, na kuta za matofali mabichi zikaanza kulainika kutoka miguuni. Tulipopelekwa kuangalia, nyumba nyingi zilikuwa zimelala. Hakufa mtu, namshukuru Mungu kwa hilo kila siku. Lakini mahindi ya watu yalikuwa yameota ndani ya vihenge. Yule bibi nilimkuta kule juu kwenye mchanga, chini ya turubai, anaanika nguo za wajukuu. Akaniamkia vilevile kama kwanza, "Mwangaluka, baba." Kisha akaendelea kuanika. Nilitamani anitukane.

Mkuu akatuita ofisini Tabora, mimi na Mrisho. Akauliza ilikuwaje kijiji kikapimwa penye maji. Sasa sikiliza vizuri, Zuwena, kwa maana hapa ndipo tulipofanana, mimi na wewe. Sikusema uongo. Nilisema, "Daftari la vipimo liliandikwa na Mrisho." Ni kweli, aliliandika yeye. Kama ilivyo kweli kwamba Yusto wako aliandika ile sehemu. Ni ukweli uliotumwa kazi ya uongo, na huo ni mbaya kuliko uongo wenyewe, kwa kuwa hata ukiulizwa mara mia unaapa bila kutetemeka.

Mkuu akamgeukia Mrisho. Mrisho akanitazama mimi. Alinipa nafasi, mwanangu. Kwa muda wa mtu kuhesabu vidole vyake vyote alingoja nifungue mdomo. Nikatazama dirishani. Kufika Ijumaa alikuwa hana kazi, na nyumba ya serikali akatakiwa ahame, yeye na mkewe na watoto wanne. Akaanza kutengeneza baiskeli karibu na stesheni. Mimi nikawa napita njia nyingine.

Mvua zilipokatika, babu yako akafariki. Tulimzika kule Kwihara. Unajua msiba wetu ulivyo: watani ndio wenye msiba. Wanaficha majembe, mmoja anajilaza kaburini anasema hatoki mpaka apewe chake, mwingine anaigiza marehemu alivyokuwa akikohoa, na katikati ya kilio unajikuta unacheka, na ukicheka, kifua kinafunguka. Watu walipomwona Mrisho anakuja na jembe begani wakafurahi, maana babu yako alimpenda mno, na Mrisho alijua kumwigiza kuliko wote.

Alichimba. Alichimba bila kusema neno. Akapokea mwili pamoja na wengine, akafukia, akanawa mikono. Baba yangu mdogo akamwuliza kwa mshangao, "Vipi, mtani? Leo humtukani hata marehemu?"

"Nimekuja kumzika Mzee," Mrisho akajibu. "Utani na nyumba hii umekwisha."

Akaja kwangu, akanipa mkono. "Pole, Bwana Mpimaji." Akachukua baiskeli yake akaondoka. Nililia makaburini siku ile, na watu wakanibembeleza wakidhani namlilia baba.

Baba mdogo hakudanganyika. Alinivuta pembeni akaniuliza nimemfanya nini yule mtu. Nikamweleza yote. Alinisikiliza, kisha akaniambia maneno ambayo sijayasikia tena kwa mtu yeyote. "Kaka yangu amezikwa bila utani kwa sababu yako. Hata mwizi wa ng'ombe huzikwa na watani wake! Ulipewa watu ukawageuza ngao. Toka mbele yangu, na usinipe mkono mpaka umekwenda kusema."

Nilikwenda. Nikamwambia mkuu kwamba Mrisho alinionya mara tatu na kosa lilikuwa langu. Nilivuliwa ukuu wa kikosi, nikapelekwa Ziba kushika mnyororo chini ya mtu mwingine, na nilistahili. Mrisho akaandikiwa barua ya kurudishwa kazini. Niliipeleka mwenyewe mpaka pale stesheni. Akaifungua kwa mikono yenye grisi, akaisoma yote, akaikunja.

"Jina langu nimelipokea," akaniambia. "Kazi yenu nimewaachia."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, tulikuwa tukikutana sokoni, msikitini, kwenye misiba. Shikamoo yangu aliitikia marahaba, siku zote. Lakini hakunitania tena hata mara moja. Nimezeeka nikiwa nimezungukwa na watu wanaonipa heshima, na mtu wa kunivua kofia sina.

Majuto ni mjukuu, husemwa, huja mwisho. Kwako bado hayajafika, leo ni Jumamosi. Ndiyo maana nimekasirika na ndiyo maana nasema. Mkubwa ni jalala, Zuwena. Takataka zote za kikosi chako zinatupwa kwako, na sifa unazipeleka kwao. Ukitaka kinyume chake, acha ukuu, shika mnyororo. Mtu anayekuonya huku wenzake wanacheka anakupenda, mshukuru hapo hapo. Ukimwaibisha mara moja tu atanyamaza, na wenzake wote watajifunza kwake, nawe utabaki unasifiwa mpaka maji yakufike kitandani. Na usiwajibishe mtu kwa kosa lililozaliwa na ahadi uliyoitoa wewe. Zama zetu tuliambiwa cheo ni dhamana. Nilikuwa naliimba neno hilo kila mkutano, na sikulijua.

Barua ya Yusto ichane. Kisha waandikie wakubwa zako wale wale uliowaambia mwanzo, uwaambie kijana alikuonya mara tatu. Si kwa mafumbo, kwa maneno yaliyonyooka. Wakikushusha, shuka. Kwihara kuna mahali pa kulala.

Hasira yangu isikutie shaka, radhi zangu unazo na sijazizuia. Mwenyezi Mungu akupe kikosi kisichokuogopa. Akupe watu watakaokuvua kofia mchana kweupe, ukacheka nao, ukawasikiliza. Na siku yako ya mwisho, akujaalie uzikwe na watu wanaogombania jembe na kuigiza sauti yako. Amina.

Simu yako hiyo hapo. Mpigie Yusto sasa, nami nipo.