Taa Nyeupe za Mlango wa Nyuma

Miaka ile magari yaliyotumika yalipoanza kumiminika kutoka Japani, kila aliyenunua alitaka lake lisifanane na la jirani. Mimi nilikuwa fundi umeme wa magari. Nilikuwa nimetoka Lindi miaka michache nyuma, nimepanga kibaraza mbele ya duka la vipuri Kariakoo, upande wa Gerezani. Kazi iliyonipa jina ilikuwa kufunga taa ndogo za LED milangoni: unafungua mlango, chini panawaka. Vijana walipenda zile zinazobadilika rangi na kuwaka na kuzima kama disko, nami nilizipenda kuliko wao.

Asubuhi moja alikuja mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa Kisutu. Gari lake lilikuwa Korola nyeupe, safi kama sahani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba.

"Fundi, nifungie taa milango ya nyuma. Nyeupe. Mlango ukifunguliwa, imulike chini. Basi."

Hakusema kwa nini, nami sikuuliza. Nilikuwa nalitazama gari. Gari kama hili likipita mjini na taa zangu za rangi, niliwaza, nani hatanijua? Alipoondoka nikafungua makava ya milango, nikapitisha nyaya, nikafunga za rangi. Mafundi wenzangu wa vibaraza vya jirani walipiga makofi. Mzee alipokuja kulichukua jua lilikuwa kali, taa hazionekani vizuri. Nikamwambia, "Utaziona jioni, mzee." Akashukuru, akaenda.

Siku ya tatu akarudi. Safari hii mkewe alikuwa kiti cha nyuma, mama mnene kidogo aliyevaa sari ya kijani, mguu mmoja umefungwa bandeji hadi juu ya kifundo. Mzee alishuka. Hakupandisha sauti.

"Mke wangu ana kisukari, macho yamepungua. Giza likianza kuingia haoni mtaro. Na hapendi kushikwa mkono mbele za watu, anataka kushuka mwenyewe. Ndiyo maana nilitaka taa. Juzi tumefika hekaluni, kafungua mlango, chini kunachezacheza bluu, nyekundu, bluu. Hakujua ardhi iko wapi. Mguu ukaingia mtaroni." Akautazama ule mguu wenye bandeji. "Watu walicheka, fundi." Kisha akauliza, "Nyeupe hukupata?"

Nilijisikia nikisema, "Ziliisha, mzee. Nilizunguka Kariakoo nzima."

Katoni nzima ya nyeupe ilikuwa kwenye shelfu nyuma yangu.

Mama akadakia kutoka ndani ya gari. "Usimlaumu kijana. Bongo hii, unachokitafuta ndicho kinachokosekana."

Angenitukana ningepumua. Sasa ilibidi uongo ule niutimize kwa vitendo. Nikasema ngoja nijaribu tena, huenda mzigo umeingia. Mzee alipogeuka kumweka mkewe vizuri kitini, nikachomoa kwenye katoni viboksi vinne vya taa, nikavisokomeza ndani ya shati, nikatoka. Nilikwenda mpaka Mnazi Mmoja, nikasimama juani kama mtu anayemsubiri mwenzake, nikikadiria muda ambao mtu mkweli angetumia kutafuta. Kila aliyepita niliona ananijua. Kona za viboksi zilikuwa zinanichoma tumboni.

Niliporudi shati lilikuwa limelowa. Mama akanyoosha mkono dirishani, akanipa chupa yake ya maji.

"Pole, mwanangu. Umehangaika kwa ajili yangu."

Nikanywa, maana kukataa kungekuwa vibaya zaidi.

Nilipomaliza kufunga zile nyeupe tukalisogeza gari ndani ya stoo ya duka, penye kiza. Mama akafungua mlango mwenyewe, akainama kutazama.

"Naona kokoto," alisema. "Naona hata kizibo cha soda!"

Akashusha mguu ulio mzima taratibu, akasimama. Mumewe hakumshika. Alijifanya anakagua taa.

Kuanzia hapo wateja wakaanza kuja kutoka mtaani kwao. "Wewe ndiye yule fundi mwaminifu?" wananiuliza. Nami naitikia. Niliitikia hivyo karibu mwaka mzima, na kila nikiitikia nilimwona mama yule na chupa yake.

Mwishowe nilikwenda dukani kwa mzee. Alikuwa anapima kitambaa. Nikamwambia kwamba taa nyeupe nilikuwa nazo tangu siku ya kwanza, na sikutafuta popote.

Hakuacha kupima. "Najua. Mimi nimezaliwa dukani, kijana. Mtu akisema bidhaa imeisha namtazama macho."

"Mbona hukusema, mzee?"

"Mama yako anapenda kulisimulia jambo lile, kwamba kuna mtu alizunguka juani kwa ajili ya mguu wake." Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Usimwambie. Ukitaka kutubu, tubu kwangu, imetosha."

Sikuona kama imetosha. Lakini mama alikuwa ameshaisikia sauti yangu, akatoka nyuma ya pazia akiuliza kama nimekula. Akaniletea chapati na dengu, akanikalisha kwenye benchi, kisha akamgeukia mteja aliyekuwa anachagua khanga na kuanza kumsimulia. Alitaja hadi maduka ambayo sikuingia. Mteja akanitazama kwa heshima. Mimi niliinamia sahani, nikaendelea kutafuna.