Mwanaisha, na ripoti niliyoombwa niizuie

Nimeusoma ujumbe wa mwanawe mara tatu, bado siamini. Mwanaisha wa Mambrui amezikwa leo alasiri.

Tulijuana miaka ya themanini, kwenye hospitali moja ndogo Malindi. Yeye fundi wa maabara, mimi karani niliyetoka bara, nikichapa ripoti kwa taipureta.

Alikuwa akikata nyama ya uvimbe nyembamba kuliko ganda la kitunguu, anaitia rangi, anaiweka kwenye hadubini. Siku moja aliniita nichungulie. "Waziona seli hizo zilizozunguka mfereji wa maziwa? Huo ndio ukuta. Ukiwa mzima, saratani haijatoka nje."

Kisha akaja Mama Kadzo, muuza nyanya wa Magarini, ana uvimbe kwenye titi. Daktari alitazama slaidi, akasema si kitu. Mwanaisha aliona ukuta umekatika mahali pamoja. Alipomwambia, akajibiwa, "Wewe kazi yako kukata." Jamani!

Akanijia mezani. "Musyoka, tafadhali, izuie ripoti hiyo mpaka kesho. Nitamwomba aitazame tena."

Kesho yake ripoti ilikuwa imeshaondoka.

Siku yake ya mapumziko alikwenda Magarini kumtafuta. Mama Kadzo akamtolea karatasi yangu. "Mwanangu, nimesomewa hapa kwamba sina ugonjwa. Sasa wataka nikatwe nini tena?"

Mama Kadzo alirudi hospitali mwaka uliofuata, mkono umevimba, hawezi kuuinua. Mwanaisha alimwogesha wodini mpaka alipofariki. Haikuwa kazi yake ile.

Miaka mingi baadaye alinipigia simu. "Musyoka, nimesoma! Seli zile za ukutani zatoa protini inayozuia vimeng'enya vinavyoifungulia saratani njia. Kumbe hazikukaa bure pale!" Kisha akasema polepole, "Maskini Mama Kadzo."

Sasa niseme, mbele ya watu wote.

Mwanaisha, nilikwambia Mama Kadzo aliichukua karatasi mezani nilipokuwa nimetoka. Si kweli. Nilimwogopa daktari. Ulipogeuka tu, nilimpa mwenyewe mkononi, nikamwambia, "Nenda salama, mama, huna ugonjwa."

Uliniamini. Ulinialika harusi za wanao wote, ukanikalisha na ndugu zako, ukawaambia, "Huyu ni kaka yangu."

Nimechelewa, najua. Mungu akulaze pema, dada yangu. Nisamehe.