Hati ya Mama na Swali la Hakimu

Siku ile naikumbuka, mjukuu wangu, kuliko hata siku niliyoolewa. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nimesimama mahakamani Ujiji na kivuli cha hati ya mama, yaani nakala ya mashine. Nilikitia kwenye bahasha kisikunjike, na moyoni nilijua tumeshinda.

Mama alitoka Burundi amenibeba mgongoni. Alilima vibarua, akauza samaki wa migebuka, mpaka akanunua kiwanja Rusimbi kwa Mzee Sadala, akajenga vyumba viwili. Hati ya mauziano iliandikwa kwa mkono, mashahidi wakatia sahihi, mama akaweka dole gumba. Mzee Sadala nilimwita Baba, maana ndiye aliyenipeleka kuandikishwa shule. Kwa hiyo alipokuja kuomba hati akawaonyeshe wadogo zake, nilimpa mimi mwenyewe, tukabaki na kivuli tulichotoa dukani. Hatukumwandikisha popote kwamba ameichukua. Nani angemfanyia hivyo baba yake?

Mwaka uliofuata akatushtaki. Alisema hakutuuzia kitu, alitupa hifadhi tu kama wakimbizi, na sasa anataka kiwanja chake. Miaka ile kambi zilikuwa zimefurika, na mtu wa kwetu akikosa nyumba mjini alijua atapelekwa wapi.

Hakimu alikipokea kile kivuli, akakigeuza huku na huku. "Halisi iko wapi?"

Nikamtazama Mzee Sadala, amekaa na kanzu yake nyeupe, macho chini. Niseme mbele za watu kwamba Baba anayo? Nikasema, "Imepotea, mheshimiwa."

"Imepotelea wapi? Mmeitafuta wapi?"

Nikarudia tu kwamba imepotea. Hakimu akasema hawezi kupokea kivuli bila kujua halisi imekwenda wapi, akaahirisha kesi. Sikuelewa kitu, mwanangu. Maandishi yalikuwa yale yale, dole la mama lile lile. Kama karatasi ile ni ya uongo, mbona hakuna aliyesema ni ya uongo? Na kama ni ya kweli, inakataliwaje? Nje mama akanishika mkono. "Mwana wanje," akaniita mwanawe kwa Kirundi, "sasa ni kambini?" Nililia mpaka watu wakageuka.

Jirani na mahakama alikaa Mzee Bihaga, karani mstaafu, Muha mwenye maneno makali, aliyewaandikia watu barua. Akaniuliza nani aliishika hati mara ya mwisho. Nikamwambia. Akavua miwani.

"Wewe binti, una wazimu? Ikipotea, unaeleza ulivyoitafuta. Ikiwa kwa mpinzani wako, unamwandikia notisi ailete. Asipoileta, hapo ndipo mahakama inapokea kivuli. Njia ilikuwepo, umeiziba mwenyewe."

"Naona haya, Mzee. Ni kama baba yangu."

"Basi mwamkie kila asubuhi. Mahakamani sema kweli."

Akaandika notisi, tukaipeleka kwa Mzee Sadala. Siku ya kesi nikakiri kwamba nilidanganya. Hakimu alinikaripia mbele ya watu wote, kisha akamuuliza Mzee Sadala kama ameleta hati. Akasema hajawahi kuiona. Ndipo jirani yetu, shahidi aliyetia sahihi na aliyekuwepo uani nilipomkabidhi Mzee ile karatasi, akasimama akaeleza yote. Kivuli kikapokelewa. Nyumba ikabaki ya mama.

Mpaka leo sijui nimfikirieje mzee yule. Daftari langu la kwanza alininunulia yeye. Aligeuka, au mimi ndiye niliyekuwa simjui? Nimezeeka nikijiuliza, sijapata.

Ninachokijua ni hiki. Halisi isitoke mikononi mwako. Mtu akiiomba mpe kivuli, hata akiwa ni mimi bibi yako, na nikinuna niache ninune. Na ikishatoka, ukiulizwa ilikokwenda, taja jina la aliyeichukua siku hiyo hiyo, maana mimi kwa kumwonea mzee haya nilibakiza kidogo tu nimpeleke mama yangu kambini. Mungu akupe nyumba yako mwenyewe, mwanangu, na akupe nguvu ya kusema kweli mbele ya mtu unayempenda.